Majina Saba Yasiyotajwa

Jumatano asubuhi Fu Zhenkang aliagiza bakuli la tambi za mchele kwenye kibanda kilichotazamana na lango la magharibi la chuo, akala akiwa amesimama, akajifuta mdomo, kisha akashika njia ya maktaba. Kamati ya nidhamu ya chuo ingeketi Ijumaa saa tatu. Alikuwa na siku mbili tu, na mpaka hapo kila uzi alioushika ulikuwa umemkatikia mkononi.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Luo Yuqing, mwanafunzi wa uzamivu katika idara ya Kiingereza, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, alikuwa amewasilisha tasnifu yake mwanzoni mwa Juni. Ililinganisha jinsi wasomi wa Kichina na wasomi wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa wanavyotaja vyanzo wanapoandika: nani humtaja nani, mahali gani, na kwa sababu gani. Mashine ya chuo ya kukagua wizi wa maandishi ikapiga kelele. Kurasa ishirini na sita za sura ya pili na ya tatu zilifanana neno kwa neno na makala iliyochapwa mwezi Machi katika jarida moja la ng'ambo. Mwenye makala alikuwa Dakta Martin Sedgley, Mwingereza aliyefundisha uandishi hapo hapo chuoni, mjini Changsha, kwa miaka kumi.

Luo alisema kurasa zile ni zake, na kwamba mwezi Oktoba alimpa Sedgley rasimu ya sura hizo mbili amsahihishie Kiingereza. Sedgley alisema hajawahi kupewa hata karatasi moja. Mmoja wao alikuwa mwongo. Kama ni Luo, tasnifu ingefutwa, na ile kazi ya ukufunzi aliyoahidiwa na chuo cha ualimu huko Hengyang ingepewa mtu mwingine Jumatatu.

Fu alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka ishirini na miwili, kitengo cha udanganyifu, na elimu yake yote ya juu aliipata shule ya jioni baada ya zamu. Sasa aliongoza ofisi ndogo ya nidhamu ya taaluma, yenye meza mbili na feni moja. Alianza kama polisi yeyote angeanza. Aliomba kompyuta ya Luo. Ya zamani ilikuwa imekufa Januari, na mafaili yote kwenye mpya yalionyesha tarehe ya siku yalipohamishiwa. Aliuliza barua pepe. Hazikuwepo, kwa kuwa Sedgley, kama wanafunzi wote walivyojua, husahihisha kwa penseli juu ya karatasi. Alikwenda kwenye duka la kuchapisha nje ya lango. Mwenye duka alimwambia kwamba hufuta kila kitu kila Jumapili, la sivyo mashine inajaa. Upande wa Sedgley, faili la makala lilikuwa na tarehe ya Novemba, safi kabisa.

"Umekuja tena unatafuna popoo," Mama Kuang alimpokea kwenye kaunta ya maktaba. "Tema hiyo kitu. Hapa ni kwa vitabu, si kwa mbuzi."

"Niliacha sigara kwa ajili yako, Mama Kuang. Hata popoo unininyime?"

"Uliacha sigara kwa ajili ya daktari. Mimi usinisingizie. Tema."

Fu akatema kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Mama Kuang alikuwa mtunza maktaba kwa miaka thelathini, na hakuna aliyejua zaidi yake nani alisoma nini katika chuo kile. Alimsogezea daftari la kuazimisha vitabu.

"Ulichoniomba nimekipata, lakini hakitakufurahisha," alisema. "Mkusanyo wa makala arobaini ambao huyo binti aliuchambua, Sedgley aliuazima tarehe tisa Oktoba. Akakaa nao wiki sita."

Fu akaisoma ile safu, kisha akasoma safu za juu na za chini yake.

"Na huyu Shen je? Na huyu Peng?"

"Wote walimu wa uandishi."

"Wote waliuazima Oktoba."

"Basi ni kitabu cha somo lao," alisema Mama Kuang, akavuta daftari lake. "Haya, kumbe hakisemi lolote. Nimekupotezea asubuhi."

"Hujaipoteza. Nipe meza, na unitolee makala zote ambazo Sedgley amewahi kuandika."

Zilikuja makala nne za zamani na ile ya Machi. Fu akaketi karibu na dirisha, akaweka tasnifu ya Luo upande wa kushoto na makala ya Machi upande wa kulia. Kiingereza chake kilikuwa cha kamusi, lakini kilitosha. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, mpaka akafika kwenye sentensi iliyomsimamisha. Akaisoma kwa sauti ya chini.

"Wapo wanaoona kwamba majina mengi kwenye mabano ni dalili ya uvivu."

"Nani hao?" Fu akajiuliza.

"Unasema na nani?" Mama Kuang alikuwa akipita na kigari cha vitabu.

"Nasema na hii karatasi. Inasema wapo wanaoona. Nani? Kituoni mtu akiniambia watu wanasema, namrudisha benchi mpaka awataje."

Mama Kuang akacheka mpaka kigari kikatikisika. "Wewe umezaliwa mjini hapa, unaniuliza mimi? Mtu unayekutana naye kwenye lifti kila siku, ukitaka kumpinga kwenye maandishi, utamwandika jina lake? Ukikubaliana naye, unamtaja mpaka na ukurasa. Ukimpinga, unasema wapo. Mwenyewe akisoma atajijua, na wengine hawana haja ya kujua. Ndiyo adabu."

"Na Waingereza?"

"Mimi nitajuaje ya Waingereza? Si wameandika hapo mbele yako? Soma."

Fu akasoma. Alichukua karatasi tupu, akaigawa kwa mstari katikati, na kila mahali mwandishi alipompinga mtu, akatia alama: aliyetajwa jina kulia, asiyetajwa kushoto. Alianza na makala nne za zamani za Sedgley. Ilimchukua mpaka chakula cha mchana, na Mama Kuang akamletea mkate wa mvuke bila kuombwa. Sedgley alikuwa mgomvi wa kalamu. Katika makala nne alikuwa amewapinga watu sitini na watatu, na wote sitini na watatu aliwataja, tena wengi mwanzoni kabisa mwa sentensi, ili msomaji asikose kuona nani anayepigwa.

Kisha akaichukua makala ya Machi. Kwenye utangulizi na hitimisho, Sedgley alikuwa amewapinga watu tisa. Wote tisa kwa majina. Katikati, kwenye kurasa ishirini na sita zile zilizogombaniwa, kulikuwa na mahali saba mtu alipopingwa. Mara saba, wapo wanaoona. Hakuna jina hata moja.

Fu akaweka kalamu chini. Makala moja, mikono miwili.

Akageukia tasnifu ya Luo, sura ambazo hazikugombaniwa, na huko nako alama zote za upinzani zikaangukia kushoto. Katika sura ya nne akakuta jambo lililomfanya avue miwani. Luo mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mwandishi wa Kichina humtaja anayekubaliana naye na kumsitiri anayempinga, akaweka hesabu na jedwali. Aliieleza tabia hiyo kama tabia ya watu wengine. Mwenyewe hakujiona.

Jioni alimpelekea mwanasheria wa chuo lile jedwali lake. Mwanasheria akalitazama kwa heshima, akamrudishia.

"Mzee Fu, mimi nakuamini. Lakini Ijumaa watasema hii ni hesabu tu, na mtu anaweza kubadili mtindo wake siku akiamka vibaya. Niletee kitu ambacho mmoja anacho na mwingine hana."

Alhamisi saa mbili asubuhi, Fu aliwaita wote wawili, akawaweka vyumba tofauti, akachukua simu zao. Kila mmoja alipewa karatasi yenye sentensi saba zilizonakiliwa kutoka kwenye makala ya Machi, na mbele ya kila sentensi mstari mtupu. Maelekezo yalikuwa mafupi: andika hao wanaoona ni nani, walisema wapi, mwaka gani. Dakika arobaini.

Alianza na Sedgley. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyezungumza lugha ya wenyeji vizuri kuliko walimu wengi waliotoka mikoa ya mbali.

"Bwana Fu, tuheshimiane," alisema akirudisha karatasi. Mistari yote saba ilikuwa imejazwa. "Nimejaza, lakini swali lenyewe halina maana. Ni namna ya kusema tu. Kila mtu huandika hivyo."

"Wewe huandiki hivyo, Dakta." Fu akamsogezea jedwali. "Mara sitini na tatu hukuandika hivyo. Na mara tisa nyingine kwenye makala hii hii."

Sedgley akatazama zile alama. Akatabasamu kidogo. "Umehesabu yote haya kwa mkono?"

"Sijui njia nyingine."

"Nimekaa hapa miaka kumi. Mtu hubadilika. Nakula pilipili sasa, mama yangu haamini."

"Umebadilika kwa kurasa ishirini na sita, kisha ukarudi ulivyokuwa." Fu akafungua sura ya nne ya Luo, akaiweka mbele yake. "Soma aya hii."

Sedgley akasoma. Alipofika mwisho akairudia, na mara ya pili alisoma polepole zaidi. "Hii haikuwemo," alisema.

"Haikuwemo kwenye nini?"

Sedgley akasogeza kikombe chake cha chai kutoka kulia kwenda kushoto.

"Kwenye makala yangu, namaanisha. Nasema makala yangu haikugusa jambo hili."

"Nitaandika hivyo ulivyosema," alisema Fu, na akaandika yote mawili, jibu la kwanza na la pili.

"Mkataba wangu unakwisha Agosti," alisema Sedgley baadaye kidogo, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Unajua wanahitaji nini ili wauongeze? Makala moja kwenye jarida la daraja la kwanza. Moja tu."

"Nalijua hilo pia."

"Sina zaidi la kusema leo. Ila utaona kwamba nimejaza yote saba."

Chumba cha pili, Luo Yuqing alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, karatasi imegeuzwa kifudifudi. Fu akaigeuza. Mistari sita ilikuwa imejaa mwandiko mdogo ulionyooka: jina, kichwa cha makala, mwaka, toleo, mpaka ukurasa. Mstari wa saba ulikuwa mtupu.

"Na huyu?"

"Simkumbuki, Mwalimu Fu."

"Huyu wa tatu umemkumbuka mpaka ukurasa wa mia mbili na nne."

"Huyo namkumbuka."

"Binti, hii ya saba ndiyo yenye uzito wote." Fu akaisoma kwa sauti. "Wapo wanaoona kwamba mwandishi wetu haonyeshi chanzo kwa sababu hakufundishwa, lakini hesabu hii inaonyesha kwamba anajua, na anachagua. Hapo ndipo kazi yako yote imesimama. Anayejua unajibizana na nani hapo ndiye aliyeiandika. Mwenzako amejaza saba. Wewe sita. Kesho watakuuliza mbele ya watu wote."

"Kesho nitasema simkumbuki."

"Na Hengyang?"

Luo akainamisha kichwa. "Mama ameshapanga chumba karibu na chuo. Ameshanunua hata pazia." "Simkumbuki, Mwalimu."

Fu alichukua karatasi zote mbili mpaka maktaba. Kwa saa mbili yeye na Mama Kuang walipanda na kushuka ngazi ya ghala la chini, ambako majarida ya zamani yalifungwa kwa kamba. Majina saba ya Sedgley yalikuwa ya wasomi wakubwa wa ng'ambo, wanaojulikana na kila mtu. Watano kati yao hawakuwa wamesema kitu chochote kinachokaribia. Wawili walikuwa wamesema kinyume chake. Majina sita ya Luo yalikuwa ya Wachina watupu, wanne kati yao walimu wa mji ule ule, na kila mmoja alipatikana kwenye ukurasa ulioandikwa, akisema hasa alichosemekana kusema.

"Sita kwa sita," alisema Mama Kuang, akipangusa vumbi kwenye miwani. "Binti ana kichwa. Na wa saba?"

"Hamkumbuki."

"Hamkumbuki!" Akaguna. "Hebu fikiri, Mzee Fu. Mtu anayewasitiri wakubwa sita kwenye karatasi, halafu ofisini kwako anawataja bila shida. Huyo wa saba ni nani hata asitajwe hata kwako?"

Fu alikuwa ameshafikiri. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa amemhoji sawasawa. Profesa Qiu Songnian, msimamizi wa Luo, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, alivunjika nyonga mwezi Septemba na kulala hospitali mpaka baada ya mwaka mpya. Ndiyo sababu rasimu ilikwenda kwa Sedgley. Tangu kesi ianze, mzee huyo hakuwa amesema neno kumtetea mwanafunzi wake, wala kumshutumu. Watu wa idara walidhani anaona aibu.

Alikuja ofisini kwa Fu saa kumi, kwa fimbo, akakataa kusaidiwa kupanda ngazi. Luo alikuwa ameitwa pia. Alipomwona mwalimu wake alisimama haraka, akabaki amesimama.

"Profesa," alisema Fu, "nina swali moja tu. Makala ya Sedgley uliisoma lini?"

"Machi, ilipotoka."

"Ukaonaje?"

"Nzuri." Mzee akaegemeza fimbo kwenye meza. "Ilinipinga mahali pamoja, kwa heshima kabisa, bila kunitaja. Nikasema, huyu Mwingereza ameshakomaa, ameanza kujifunza adabu za watu. Nilifurahi siku nzima."

Luo hakuinua macho.

"Na tasnifu hii ilipokufikia Juni?"

"Nikakuta maneno yale yale. Nikajua ameyachukua kwa Sedgley." Sauti ya mzee ilishuka. "Ningedhani nini kingine? Nimemfundisha miaka sita. Hajawahi kunibishia hata juu ya chai."

Fu akamsogezea karatasi ya Luo. Profesa Qiu akavaa miwani, akashuka mstari kwa mstari, akiitikia kwa kichwa kwenye kila jina, wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Kwenye ule mtupu akakaa muda mrefu.

"Maneno haya niliyasema mimi, kwenye mkutano wa idara," alisema mwishowe, bado akiitazama karatasi. "Tulichapa nakala thelathini, kwa lugha yetu. Sedgley alikuwa hata hajafika nchi hii. Maktaba haina. Mimi ninayo moja, na moja nilimpa huyu, mwaka wake wa kwanza."

"Mwaka gani, Profesa?"

"Tisini na nane. Ukurasa wa kumi na moja."

Alinyoosha mkono kuomba kalamu. Fu akampa. Mzee akaandika kwenye mstari wa saba, kwa herufi kubwa, jina lake mwenyewe, na mwaka, na ukurasa. Kisha akaigeuza karatasi ikamwelekea mwanafunzi wake.

"Ni yeye?" Fu alimwuliza Luo.

Luo alikuwa amebana midomo. Akaitikia kwa kichwa.

"Kichwa hakiandikiki kwenye kumbukumbu, binti. Nahitaji sauti."

"Kesho watamhitaji vilevile," alisema Profesa Qiu. "Watamwuliza alikuwa anabishana na nani, na mimi nitakuwa nimekaa hapo mbele yake. Afadhali ajizoeze leo." Akavuta kiti kwa fimbo, akaketi, akaweka mikono yake miwili juu ya meza kama mtu anayengoja kupimwa shinikizo la damu. "Haya, Yuqing. Nilikosea wapi? Na usiseme wapo wanaoona. Sema nani."

Nje wanafunzi walikuwa wakipigana picha na majoho yao, wakicheka. Fu akafungua ukurasa mpya, akaandika saa, kumi na dakika ishirini na tano, akangoja.

Luo akashika ukingo wa meza. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ikisikika vizuri.

"Qiu Songnian," alisema, "mwaka tisini na nane, ukurasa wa kumi na moja, alidai kwamba hatutaji kwa sababu hatujui." Akamtazama mwalimu wake usoni. "Alikosea."

"Endelea," alisema mzee.